Dawa Yangu Wakaiita Bangi

Sijawahi kuvuta bangi. Naanza na hilo kwa sababu hadi leo wapo watu Kakuma wakiniona wanacheka kichinichini, na yupo mmoja, fundi wa simu karibu na stendi, aliyenivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya urafiki kama ninaweza kumpatia "majani". Nilimjibu kwa maneno ambayo mchungaji wangu hajui kwamba ninayajua.

Nilikuwa dereva wa lori la maji. Shirika lililoniajiri lilipeleka maji kwenye sehemu za kambi ambazo mabomba yalikuwa hayajafika, na baadaye hadi makazi mapya ya Kalobeyei, na kati ya madereva wote nilikuwa mwanamke peke yangu. Asubuhi nilijaza tangi kisimani, kando ya Tarach, mto ambao karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu, kisha nikazunguka mitaa ya wakimbizi nikijaza matangi makubwa ya plastiki. Akina mama wa Sudan Kusini waliijua honi yangu. Nilipoingia mtaani kwao nilikuta mitungi ya manjano imeshapangwa foleni, na ugomvi wa nani yuko mbele ya nani umeshaanza. Niliipenda kazi ile. Sikuwahi kuisema hivyo wakati ule, maana nani ana muda wa kusema anapenda kazi, lakini nilikuwa naamka nikiwa na haraka ya kufika.

Lori lililojaa maji halina tabia ya lori lingine. Ukifunga breki ghafla, maji yanakusukuma kwa nyuma kama umati wa watu. Ukikata kona kwa pupa, yanaegemea upande mmoja na kukataa kurudi. Aliyenifundisha kulizoea ni dereva mwenzangu, mtu wa Lokori, mrefu, mkimya, aliyekuwa barabarani kabla shirika letu halijaijua Turkana iko wapi. Wengine walikuwa wakisubiri nigonge ukuta ili wacheke. Yeye alikaa kiti cha abiria, miguu yake mirefu imekunjwa, akawa ananielekeza kwa kidevu. Nilipovuka laga ya kwanza peke yangu, ule mto mkavu wa mchanga ambao umemeza magurudumu ya wanaume wengi, aliniambia, "Dada, sasa mimi narudi kwa gari yangu." Hicho ndicho kilichokuwa cheti changu.

Niseme na jingine, kwa sababu bila hilo hakuna cha kusimulia. Nina virusi vya ukimwi. Mume wangu alifariki, nikapimwa, nikaanza dawa, nikanenepa, maisha yakaendelea. Wakati huo, nazungumzia miaka michache iliyopita, nilikuwa nameza kidonge kimoja kila jioni, ndani yake dawa tatu, na moja kati ya hizo inaitwa efavirenz. Ina vituko vyake. Mwanzoni ilinipa ndoto zenye rangi kali mno, ngamia wanaoongea, marehemu mume wangu akiniomba chumvi, nikaamka nimechoka kama mtu aliyetoka safari. Baadaye mwili ukaizoea.

Kliniki yangu ilikuwa Lodwar, si Kakuma. Nilichagua hivyo makusudi. Kakuma benchi ya kliniki ile inaonekana na barabara nzima. Lodwar nilikwenda siku za mapumziko, nikalala kwa dada yangu mkubwa, nikachukua dawa zangu asubuhi, na aliyeniona alimwona tu mtu aliyekuja kumsalimu dada yake. Kopo la vidonge nililishindilia pamba ndani ili lisilie ndani ya mkoba. Wanaomeza dawa hizi wanaujua mlio ule, na wasiomeza pia wanaujua.

Kisa kilianza na ajali ambayo haikuwa yangu. Lori letu moja, likitoka Lodwar na shehena ya mabomba, lilipinduka kwenye laga. Dereva alivunjika bega, na mfugaji mmoja aliyekuwa akivusha mifugo alipoteza mbuzi wengi. Kila dereva alijua sababu. Mkuu wa usafiri alikuwa amemrudisha yule bwana barabarani bila usingizi, safari juu ya safari, na yule bwana alikuwa akitafuna miraa ili macho yasijifunge. Miraa si kosa kisheria. Usingizi ndio uliomwangusha, na usingizi ule ulitokana na ratiba iliyopangwa ofisini.

Wakubwa wa Nairobi wakajibu. Kuanzia sasa wafanyakazi wenye kazi nyeti watapimwa mkojo. Kazi nyeti zilikuwa udereva, ulinzi, ufundi wa magari na kuendesha pampu. Yaani sisi. Waliopanga zile safari hawakuwa nyeti. Mkuu wa usafiri, ambaye Jumatatu asubuhi ulimnusa pombe ukiwa umesimama upande wa pili wa meza, na ambaye alijiendeshea Land Cruiser ya shirika, hakuwa nyeti. Na kipimo chenyewe hakikutafuta pombe. Hakikutafuta miraa. Usingizi hakingeweza kuutafuta hata kingetaka.

Walikuja bila taarifa, mama mmoja na bwana mmoja kutoka kampuni waliyoikodi, wakafungua vifaa vyao kwenye kontena tunalohifadhia matairi. Tulipanga foleni juani. Mlinzi mmoja alisema leo sisi ndio tunaopeleka maji ofisini, na sote tukacheka, mimi pia, kwa sauti. Kwa nini nisicheke? Sikuwa na cha kuogopa.

Choo kilikuwa kile cha nyuma ya gereji. Yule mama alinifuata hadi mlangoni, na nilipotaka kuufunga akauzuia kwa mguu.

"Mlango haufungwi, mama."

"Kwa nini?"

"Ndiyo utaratibu. Watu wengine huja na mkojo wa watoto kwenye chupa."

Mimi ni mtu mzima. Nimezaa, nimezika. Nikachuchumaa na kikombe mkononi mbele ya mwanamke ambaye hatukuwa hata tumesalimiana. Nikampa kikombe kikiwa bado na joto. Yeye alivaa glavu. Alichovya kipande cha karatasi ngumu, akakiweka mezani, akaniambia nisubiri. Baadaye nilielezwa kwamba mistari miwili inamaanisha huna kitu na mmoja unamaanisha unacho. Chini ya herufi za bangi, kwangu, ulitokea mmoja.

"Unatumia bangi," alisema. Hakuuliza.

Nilicheka tena. Nilidhani amebadilisha vikombe.

"Kipimo hakidanganyi, mama," alisema, huku akiandika.

Funguo za lori zilichukuliwa palepale. Tangi lilikuwa limejaa. Lilikaa pale uani siku nzima likichemka kwenye jua, huku mtaa uliokuwa ukilisubiri ukikaa bila maji, na hakuna mtu wa ofisini aliyeona kwamba hilo ni jambo nyeti. Wawili tulisimamishwa siku hiyo: mimi na mtu wa Lokori. Yeye alipoambiwa, hakubisha. Alivua kofia, akaifuta jasho la ndani, akaivaa tena, akaondoka kwa miguu.

Mchana huohuo afisa wa wafanyakazi aliniita. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, mpole wa sauti, ametoka Nairobi, na mbele yake meza ilikuwa safi sana. Mkuu wa usafiri alikuwa ameegemea dirisha. Karani alikuwa kwenye kompyuta yake. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto, na nje ya mlango walinzi wawili walikuwa wamejipatia kazi ya ghafla ya kunyanyua na kuteremsha boksi moja.

"Kuna dawa yoyote unayotumia?" aliniuliza. "Tuambie tu, tuiandike."

Nilitazama dirishani, nikatazama kompyuta, nikatazama mlangoni.

"Hakuna," nilisema.

Sijutii jibu lile. Swali ndilo lililokuwa baya. Kliniki nimeulizwa swali hilohilo mara nyingi na nimelijibu kila mara. Nilipougua malaria waliniuliza, kwa sababu hii dawa yangu huipunguza nguvu dawa ya malaria ndani ya mwili. Nilipotaka kipandikizi cha kupanga uzazi waliniuliza tena, kwa sababu nacho hudhoofishwa na hii. Waliniuliza hata kuhusu mizizi michungu ambayo dada yangu hunichemshia. Lakini kule mlango hufungwa kwanza. Kule anayeuliza anataka nipone. Huyu wa ofisini alitaka kujua ili ajue, na anayetaka kujua ili ajue humalizia kwa kumwambia mwenzake wakati wa chakula cha mchana.

Nilirudi Lodwar. Habari zilikuwa zimenitangulia. Sijui ni dereva gani alimpigia nani. Dada yangu alinipokea mlangoni bila salamu ya "ejok", bila maji ya kunywa. Alinishika bega la blauzi, akaivuta puani, akainusa.

"Umeanza lini?" aliuliza.

"Dada!"

"Nakuuliza wewe. Mtu mwenye hali kama yako, unameza dawa za nguvu namna hiyo, halafu unavuta moshi juu yake? Unataka nilee watoto wako?"

"Sijavuta kitu."

"Kwa hivyo mashine ya wazungu imekosea, wewe ndiye uko sawa."

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikalia. Hayakuwa machozi ya huzuni. Kuna machozi ya hasira yanayotoka kwa sababu mikono imekosa mtu wa kumpiga. Dada alienda jikoni, akarudi na chai, akaiweka mbele yangu akasema, "Basi kama hujavuta, kuna kitu kimewadanganya. Kesho nenda kwa daktari wako ukaulize." Ndivyo alivyo. Atakupiga kwanza, kisha atafikiri vizuri kuliko watu wote.

Daktari wangu pale kliniki alikuwa msichana mdogo kwangu kwa miaka mingi, doa la kahawa limeganda kwenye koti lake jeupe kila nilipomwona. Nilimsimulia. Alisikiliza huku akitafuta faili yangu, na nilipofika kwenye mistari aliacha kutafuta.

"Mama, walikupima kwa ile karatasi tu? Hawakupeleka maabara?"

"Karatasi tu."

Alishika kichwa. "Ni efavirenz," alisema. "Inajulikana. Si kila kipimo, lakini vipo vinavyoichanganya na bangi. Ile karatasi haioni bangi yenyewe, inaona kitu kinachofanana nayo. Ni ya kubahatisha mwanzoni tu. Ikionyesha kitu, mkojo unatakiwa kwenda kwenye maabara kubwa, kwenye mashine inayotenganisha kitu na kitu. Hapo ndipo mtu husema ndiyo au hapana."

"Inajulikana na nani?"

Alirudi kwenye rundo la mafaili.

"Nakuuliza, daktari. Inajulikana na nani? Mimi ndiye ninayeimeza. Hakuna aliyeniambia."

"Hatukujua kwamba kuna mtu atakupima mkojo ili uendelee kupeleka maji," alisema taratibu. Kisha akaongeza jambo lililonimaliza kabisa. Kulikuwa na dawa mpya iliyoanza kuchukua nafasi ya ile yangu. Wanaume wengi walikuwa wameshabadilishiwa. Sisi wanawake wa umri wa kuzaa tuliambiwa tusubiri kwanza, kwa kuwa wakubwa wa dawa walikuwa na wasiwasi kuhusu mimba. "Ungekuwa mwanamume," alisema, "pengine usingekuwa hapa leo."

Niliondoka pale nikitembea katikati ya barabara ya Lodwar, pikipiki zikinipigia honi. Nilikuwa na jibu, na jibu lenyewe sikuweza kulitumia. Kila njia ya kusema "si bangi" ilipitia "nina virusi".

Nilijaribu njia ya heshima. Nilirudi Kakuma nikamwomba yule afisa wa wafanyakazi tuonane wawili tu, na kwa kweli alifunga mlango. Nilimwambia kuna dawa halali, ya hospitali, inayochanganya kipimo kile. Nilimwomba wapeleke mkojo wangu maabara Nairobi.

"Sera haina kipimo cha pili," alisema. "Lakini ukinipa jina la dawa, naweza kuliwasilisha."

"Kwa nani?"

"Kwa kamati. Mkuu wa usafiri yumo. Na Nairobi watahitaji nakala."

"Na nikikupa wewe peke yako?"

Alipangusa meza yake safi kwa kiganja. "Siwezi kukuahidi," alisema. Nilimheshimu kwa hilo, kidogo. Angeweza kuniahidi.

Sheria ya nchi inasema hakuna mwajiri wa kumlazimisha mtu ataje hali yake. Mimi sikulazimishwa kwa mdomo. Nilipewa tu chumba chenye mlango mmoja.

Siku ya kamati tuliitwa wote wawili. Mtu wa Lokori aliingia kwanza, nami niliambiwa niketi humohumo kwenye kiti cha nyuma, kwa sababu walitaka kumaliza kabla ya chakula. Mkuu wa usafiri aliongoza. Jasho lilikuwa likimtoka, macho mekundu, na nilipokuwa nimekaa nilijua vizuri jana yake ilikuwaje.

"Ulitumia bangi?"

"Nilivuta," alisema mtu wa Lokori. "Kaka yangu alikufa. Tulimzika, nikakaa na wazee wa nyumbani, nikavuta. Ilikuwa likizo yangu. Nimerudi kazini wiki ngapi sasa? Sijavuta tena."

"Lakini iko kwenye mkojo."

"Iko kwa mkojo. Kwa macho yangu haiko. Bosi, uliza hawa watu wote, hii gari yangu iliwahi kuanguka siku moja? Iliwahi kugonga hata mbuzi?"

Hakuna aliyeuliza watu wote. Walimweleza kwamba bangi ni kosa, kwamba shirika limemhurumia kwa kutoita polisi, kwamba atie sahihi pale chini. Alitia sahihi. Dawa ile ya kulevya hukaa mwilini muda mrefu baada ya kichwa kuwa safi. Nililijua hilo siku ile kwa sababu daktari alikuwa ameniambia, na nikaona kwamba hakuna mle ndani aliyejali kama mtu alikuwa amelewa akiwa kazini au la. Yule aliyelala kwenye usukani alikuwa anapona bega lake nyumbani, na kazi yake ilikuwa inamsubiri. Mkojo wake nao ulipimwa, ukawa safi.

Mimi siipendi bangi. Niseme ukweli, imewaharibu watu ninaowajua. Lakini nilimtazama mtu aliyenifundisha kuvuka mchanga akitafuta kalamu aliyokuwa ameishika mkononi tayari.

"Sasa wewe," mkuu wa usafiri alisema.

Nilisimama. "Ninatumia dawa ya hospitali inayochanganya kile kipimo. Pelekeni mkojo wangu maabara. Ikirudi na bangi, nitaondoka bila kuwasumbua."

"Dawa gani?"

"Jina silitaji mbele ya watu hawa."

Akacheka. Akamgeukia karani. "Dawa ya siri. Mara ya kwanza ulisema hakuna dawa. Leo ipo, lakini haina jina. Mama, dawa safi haifichwi. Tunaandika kwamba umekataa kushirikiana, na safari hii polisi tunawaita, kwa sababu huyu mwenzako angalau amesema ukweli."

Sikupanga. Watu huniuliza kama nilipanga, kama nilifikiria watoto, kama niliomba kwanza. Hapana.

"Ni dawa ya virusi vya ukimwi," nilisema. "Umesikia? Au nipaze sauti, walinzi huko nje wapate vizuri? Nina virusi. Nameza dawa kila jioni, sijawahi kukosa, ndiyo maana nimesimama hapa na nguvu zangu. Hiyo ndiyo bangi yenu. Andika. Karani, andika! Halafu na wewe, bosi, kojoa kwenye kikombe hapa mbele yetu, mlango ukiwa wazi, tuone kilichomo."

Feni ilikuwa inazunguka. Kisha nikasikia miguu ya kiti ikikwaruza sakafu. Mkuu wa usafiri alikuwa amekisogeza kiti chake nyuma, mbali na mimi, kidogo tu. Sidhani hata alijua amefanya hivyo. Nimesahau mengi ya siku ile, lakini mkwaruzo ule wa kiti nausikia hadi sasa, na kila nikiusikia nataka kurudi mle ndani.

Afisa wa wafanyakazi ndiye aliyeongea kwanza. Alisema, akiangalia karatasi zake, kwamba kamati itapendekeza kipimo cha maabara.

Kumbe kiliwezekana. Siku zote zile kiliwezekana.

Majibu yalirudi safi. Hakuna bangi, hata chembe. Mlinzi aliniletea funguo zangu zikiwa ndani ya bahasha, na ujumbe mfupi unaosema nirudi kazini. Neno la kuomba radhi sikulikuta, nikageuza bahasha, sikulikuta hata nyuma.

Nilirudi. Akina mama wa mitaani walinishangilia kwa vigelegele, mmoja wao akaniambia kwa Kiswahili chake chenye Kiarabu cha Juba ndani yake kwamba dereva waliyepewa badala yangu alikuwa anamwaga maji njiani kama mtu anayemwagilia barabara. Kwao hakuna kilichobadilika. Gereji ndiyo iliyobadilika. Kikombe changu cha chai kilihamishwa, kikapata msumari wake peke yake ukutani. Fundi mmoja ambaye tulikuwa tukila sahani moja akaanza kusema ameshiba. Kisha mkuu wa usafiri akanitumia taarifa kwamba, kwa kujali afya yangu, nitahamishiwa stoo nikahesabu mabomba. Kwa kujali afya yangu! Mtu aliyemnyima mwenzangu usingizi hadi akapindua gari.

Nilikataa stoo, nikaacha kazi, na nikaenda moja kwa moja kwa afisa wa kazi wa serikali pale Lodwar. Sitadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Niliambiwa nirudi kesho, nirudi wiki ijayo, mhusika amesafiri. Dada yangu alikuwa akinisindikiza, anakaa kwenye benchi na kusuka kikapu chake, akimwangalia kila mtu anayepita na faili kwa macho ambayo ningeyaogopa. Mwishowe shirika liliitwa. Yule mkuu wa usafiri hakuja. Alikuja afisa wa wafanyakazi na mwanasheria kutoka Nairobi, kijana mwenye viatu ambavyo mchanga wa Lodwar ulivimaliza siku hiyohiyo.

Mwanasheria alisema hakuna aliyenilazimisha kutaja hali yangu.

"Ni kweli," dada yangu alisema, ingawa hakuwa ameruhusiwa kusema. "Mlimshika mtoto wa mama yangu miguu na mikono, mkamwambia yuko huru kutembea."

Afisa wa wafanyakazi aliinamisha kichwa. Kisha akasema, na sauti yake haikuwa ile ya ofisini, kwamba siku ile alipaswa kusimamisha kikao, na kwamba hakufanya hivyo. Mwanasheria alimgusa mkono. Lakini lilikuwa limeshasemwa na limeshasikika, na mambo yakaanza kusogea. Shirika lilikubali kwa maandishi kwamba nilitendewa vibaya, nikalipwa haki zangu, na sera ikabadilishwa. Sasa hakuna mtu wa kusimamishwa kwa ile karatasi peke yake. Lazima maabara ithibitishe. Maswali ya dawa yanaulizwa na mhudumu wa afya, faraghani, na ofisi inaambiwa tu kama mtu anafaa kufanya kazi au hafai. Watu waliniambia nimeshinda.

Wanaopimwa, nasikia, bado ni madereva, walinzi, mafundi na watu wa pampu.

Siku hizi naendesha gari la samaki kutoka Kalokol kuja Lodwar, mali ya mfanyabiashara mmoja Msomali ambaye aliniuliza maswali mawili tu: kama ninajua mchanga, na kama ninalala vizuri. Dawa yangu imebadilishwa. Ndoto za ngamia zimekwisha. Mkuu wa usafiri yupo palepale, na nimesikia amepandishwa cheo.

Mtu wa Lokori anabeba mbuzi kwa lori, huko na huko, wakati mwingine hadi Lokiriama mpakani. Tulikutana karibuni kwenye kituo cha mafuta Lodwar. Tulisalimiana kwa muda mrefu, kama watu wa huku wanavyosalimiana, hali ya watoto, hali ya mifugo, hali ya mvua ambayo haijanyesha. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kumweleza jinsi mambo yalivyoishia, kwa hiyo nikamweleza yote: mkutano, mwanasheria, kipimo cha pili, maabara.

Alisikiliza huku mbuzi wakilia nyuma yake.

"Kwa hivyo hiyo maabara," alisema, "mimi ingenikuta na bangi vilevile."

"Ndiyo."

"Wangenifukuza tu. Lakini kwa utaratibu mzuri."

Yeye alicheka. Mimi nilishindwa. Alilipia mafuta yake, akapanda, akainua kidevu kunionyesha kwamba gurudumu langu la nyuma linahitaji upepo, akaondoka na mbuzi zake.